Tom Mboya na Hesabu za Chama

Hivi majuzi, baada ya mhadhara wangu kuhusu maana za maneno katika hotuba za kisiasa, mwanafunzi mmoja alinifuata hadi mlangoni akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa kulijibu. Katika mhadhara huo nilikuwa nimelitumia neno kibaraka kama mfano wa neno ambalo aghalabu kazi yake si kueleza jambo bali ni kumfunga mtu mdomo. Nilikuwa pia nimetaja kwamba katika miaka ya 1950 na 1960 tuhuma ya aina hiyo ilimwandama sana marehemu Thomas Joseph Mboya, aliyekuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Kijana huyo alitaka kujua jambo moja tu: je, Mboya alikula fedha za wafanyakazi, au hakula?

Nilimjibu kwa mkato kwamba hakuna mahakama iliyowahi kumhukumu Mboya kwa wizi wa senti yoyote ya chama. Jibu hilo ni la kweli, lakini yeye hakuridhika nalo, na nilipofika nyumbani niligundua kuwa hata mimi sikuridhika. Nilikumbuka mkutano mmoja wa tawi la chama nilichokuwa mwanachama wake miaka kadhaa iliyopita. Mwenzetu mmoja, mtu mpole asiyependa makuu, alisimama akaomba tusomewe hesabu za mwaka. Mwenyekiti hakuzisoma. Alimgeukia akamwita kibaraka wa mwajiri aliyetumwa kuleta mgawanyiko, na ukumbi mzima ukashangilia. Nami nilipiga makofi. Hesabu zile sikuzisikia siku hiyo wala siku nyingine.

Kwa hivyo leo ningependa kulijibu swali la mwanafunzi wangu kwa urefu, maana nadhani swali lenyewe, jinsi tulivyozoea kuliuliza, lina kasoro. Tunauliza kama kiongozi ameiba. Hatuulizi fedha zilitoka kwa nani, zilipitia mikononi mwa nani, na ni nani aliyekuwa na haki ya kuuliza. Maisha ya Mboya yanatufunza kwamba chama chaweza kuharibika kwa sababu ya fedha hata kama hakuna aliyezitia mfukoni.

Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la mkonge karibu na Kilima Mbogo, si mbali na Thika. Baba yake, Leonard Ndiege, alikuwa ametoka kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Viktoria kuja kufanya kazi katika shamba hilo. Mtoto huyo alikua miongoni mwa watoto wa vibarua wa makabila mbalimbali, naye akazijua lugha zao. Mbali na Kijaluo cha wazazi wake, alikimudu Kiswahili, Kikuyu na Kikamba, na hatimaye Kiingereza. Mwanaisimu hawezi kulipita jambo hilo bila kulitaja, maana ndilo lililomwezesha baadaye kusimama mbele ya umati wa wafanyakazi wa Nairobi au Mombasa bila mkalimani.

Alisoma Kabaa huko Ukambani, kisha Yala, kisha Mangu. Masomo ya Mangu aliyaacha kwa kukosa karo, kisa ambacho walimu wengi wanaosoma safu hii wanakijua kwa mifano ya wanafunzi wao wenyewe. Alijiunga na chuo cha Jeanes, Kabete, akafunzwa kazi ya ukaguzi wa afya, na kufikia mwaka wa 1951 alikuwa ameajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Hapo ndipo alipouona ubaguzi kwa karibu. Mkaguzi Mwafrika alilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa mkaguzi Mzungu aliyefanya kazi ile ile. Katika kitabu chake cha kumbukumbu alisimulia jinsi mama mmoja wa Kizungu alivyoingia katika maabara akiwa na chupa ya maziwa ya kupimwa, akatazama huku na huku, kisha akauliza kama mle ndani mna mtu, ilhali Mboya alikuwa ameketi mbele yake. Mboya naye akamuuliza kama macho yake yalikuwa na kasoro.

Mtu wa namna hiyo hakuweza kukaa kimya. Aliingia katika chama cha wafanyakazi Waafrika wa baraza la jiji, ambacho kilikuwa zaidi cha ustawi kuliko cha kudai haki, akawa kiongozi wake na kukigeuza kuwa chama kamili cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Kwa sababu ya shughuli hizo alipoteza kazi yake. Mwaka wa 1953, akiwa na umri wa miaka 23, alichaguliwa kuwa katibu mkuu wa shirikisho la kitaifa.

Inafaa tukumbuke wakati wenyewe ulivyokuwa. Kabla ya shirikisho hilo kulikuwa na baraza la vyama vya wafanyakazi la Afrika Mashariki lililoanzishwa mwaka wa 1949 na Makhan Singh pamoja na Fred Kubai. Baraza hilo lilidai uhuru hadharani, na serikali ya kikoloni haikulivumilia. Mwaka wa 1950 viongozi hao walikamatwa. Makhan Singh alizuiliwa mbali na watu hadi mwaka wa 1961. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, viongozi wengine wa wafanyakazi walitiwa kizuizini, na Aprili 1954, katika msako mkubwa uliofanywa jijini Nairobi, maelfu ya watu walikusanywa na kupelekwa kambini. Miongoni mwao walikuwamo viongozi wa matawi, waweka hazina na wanachama wa kawaida. Vyama vilibaki magofu.

Shirikisho aliloliongoza Mboya lilikuwa na neno la ziada katika jina lake: lilikuwa shirikisho la vyama vya wafanyakazi vilivyosajiliwa. Neno hilo la mwisho halikuwekwa kwa mapambo. Lilimwambia mtawala kwamba watu hawa walikuwa ndani ya sheria, kwamba vitabu vyao viko kwa Msajili, na kwamba hawakuwa wa Makhan Singh. Mwaka wa 1955 jina lilibadilishwa na neno hilo likaondolewa, shirikisho likawa KFL, jina ambalo wazee wetu walilizoea. Hata hivyo, wakati vyama vya siasa vya Waafrika vilikuwa vimepigwa marufuku, lilikuwa ndilo jukwaa pekee la kitaifa ambapo Mwafrika aliweza kulalamika kwa sauti. Lilipinga kufukuzwa kwa watu majumbani mwao, likapinga adhabu za jumla, likapinga kuzuiliwa kwa watu bila mashtaka. Mwaka wa 1956 serikali ilitishia kulifutia usajili kwa kosa la kujiingiza katika siasa.

Sasa tujiulize: chama cha namna hiyo kiliishi kwa fedha gani? Wanachama walikuwa maskini. Wengi walikuwa vibarua wasio na hakika ya kazi ya kesho, na mwenye kukusanya ada ilimbidi azunguke langoni siku ya malipo akiomba senti mkononi mwa kila mmoja. Vyama vyenyewe vilipokusanya kidogo, havikupeleka kwa shirikisho kile walichopaswa kupeleka. Laiti Mboya angengoja ada hizo, angeifunga ofisi.

Msaada ulitoka ng'ambo. Shirikisho lilikuwa mwanachama wa muungano wa kimataifa wa vyama huru, ICFTU, ambao makao yake yalikuwa Brussels. Muungano huo ulizaliwa mwaka wa 1949 baada ya vyama vya nchi za Magharibi kutengana na vile vya upande wa Kisovieti, hivyo tangu mwanzo ulikuwa sehemu ya mvutano wa mataifa makubwa. Mwaka wa 1953 ulimtuma Nairobi Mkanada aliyeitwa James Bury kuwasaidia viongozi wa shirikisho. Fedha za ofisi na za waandalizi zilianza kuja kwa njia hiyo. Mwaka wa 1955 Mboya alipata nafasi ya kusoma kwa mwaka mmoja katika chuo cha Ruskin, Oxford, na mwaka wa 1956 akazuru Marekani kwa mara ya kwanza. Alirudi na ahadi ya dola 35,000 kutoka kwa AFL-CIO, shirikisho la wafanyakazi wa Marekani, za kujengea makao makuu. Jengo hilo la Solidarity lipo Nairobi hadi leo.

Sitaki msomaji adhani kuwa fedha hizo zilileta maneno matupu. Machi 1955 wafanyakazi wapatao 10,000 wa bandari ya Mombasa waligoma, na bandari ikasimama. Mboya alishuka pwani, akakaa na wagomaji, akawashawishi warudi kazini huku madai yao yakipelekwa mbele ya jopo la usuluhishi, kisha yeye mwenyewe akayatetea madai hayo kwa hoja na takwimu. Wafanyakazi walipata nyongeza ya maana. Kijana wa miaka 24 asiye na shahada ya sheria aliwashinda mawakili wa makampuni ya meli. Tangu siku hiyo waajiri walijua kwamba Mwafrika anaweza kuketi nao mezani na hesabu zake zikawa sahihi kuliko zao.

Ndiyo maana wapiga kura wa Nairobi walimpeleka katika Baraza la Kutunga Sheria Machi 1957, alipomshinda wakili Argwings-Kodhek katika uchaguzi wa kwanza wa wajumbe Waafrika. Desemba 1958, akiwa na umri wa miaka 28, aliongoza kama mwenyekiti mkutano wa watu wa Afrika yote mjini Accra. Mwaka wa 1959 ndege ya kwanza ya wanafunzi iliyopangwa na Mboya pamoja na marafiki zake wa Marekani iliwabeba vijana 81 kwenda vyuo vya huko, na mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000 kuendeleza mpango huo. Wengi wa walimu wetu wa vyuo vikuu, maprofesa waliotufundisha, ni matunda ya safari hizo. Mimi mwenyewe nilifundishwa na watu waliofundishwa na wasafiri wale. Ninapoandika habari za fedha za Marekani, basi, siandiki nikiwa mtu ambaye hakuonja.

Hata hivyo, nguo ya kuazima haisitiri maungo. Tazama jinsi mambo yalivyokwenda ndani ya shirikisho lenyewe.

Fedha za ng'ambo hazikwenda katika matawi zikapanda juu, kama ada zinavyopaswa kupanda. Zilishukia kwa makao makuu, na hasa katika ofisi ya katibu mkuu. Yeye ndiye aliyejulikana Brussels, London na Washington. Yeye ndiye aliyeandika barua, naye ndiye aliyejibiwa. Kiongozi wa chama kidogo aliyetaka baiskeli, mashine ya kuandikia au nafasi ya masomo hakuwaomba wanachama wake. Alimwendea katibu mkuu. Polepole uongozi ukageuka. Badala ya katibu mkuu kuwategemea wenye matawi, wenye matawi wakawa wanamtegemea katibu mkuu. Hapakuwa na haja ya mtu kuiba ili jambo hilo litokee. Lilitokea hata pale ambapo kila dola ilitumiwa kwa kazi iliyokusudiwa.

Matokeo ya pili ni kwamba mpinzani naye alilazimika kutafuta mfadhili wake. Arthur Ochwada, aliyekuwa naibu wa Mboya, alitengana naye mwaka wa 1959 akaunda shirikisho la pili. Wakati huo Kwame Nkrumah na vyama vya wafanyakazi vya Ghana walikuwa wakitaka vyama vyote vya Afrika vijitoe katika ICFTU na kuunda muungano wa Kiafrika usiofungamana na upande wowote. Mboya alishikilia kwamba serikali kutofungamana na upande wowote ni jambo moja, na chama cha wafanyakazi kuwa na ndugu ng'ambo ni jambo jingine. Ochwada akaegemea Accra. Hivyo ugomvi wa watu wawili kuhusu uongozi wa wafanyakazi wa Kenya ukawa ugomvi wa Accra na Brussels. Huyu alimwita yule mtumwa wa Wamarekani, na yule akamwita huyu mtumishi wa Ghana. Mpagazi wa bandarini na mchuma chai wa Kericho walibaki wakitazama kama watu wanaotazama mpira ambao tikiti yake imenunuliwa na wengine.

Wala Mboya hakuwa peke yake katika jambo hilo. Jaramogi Oginga Odinga, mpinzani wake mkuu ndani ya KANU, alipata misaada kutoka nchi za Mashariki, na taasisi ya Lumumba iliyofunguliwa karibu na Nairobi mwishoni mwa mwaka wa 1964 ilijengwa kwa msaada wa namna hiyo. Kila upande ulizijua vizuri fedha za mwenzake na kuzisahau zake. Tuhuma za ufisadi ziliruka huku na huku, lakini kwa kuwa kila mmoja alikuwa na la kuficha, hakuna aliyefungua kitabu chake mbele ya wanachama ili amlazimishe mwenzake kufungua chake.

Mwaka wa 1967 magazeti ya Marekani yalifichua kwamba shirika la ujasusi la nchi hiyo, CIA, lilikuwa limepitisha fedha kwa siri katika jumuiya za wanafunzi na katika shughuli za ng'ambo za vyama vya wafanyakazi. Miongoni mwa majina yaliyotajwa sana ni la Irving Brown, mjumbe wa AFL-CIO aliyekuwa mwenyeji Ulaya na Afrika, na ambaye Mboya alikuwa akijuana naye tangu zamani. Ghafla msaada wote uliopokewa kwa nia njema ukatiwa doa. Hapa ndipo ubaya wa jambo unapoonekana. Mwanachama wa kawaida hakuwa na njia yoyote ya kuchambua ipi ilikuwa michango ya wafanyakazi wenzake wa Chicago au Detroit, na ipi ilikuwa ya majasusi. Asingeweza kumtetea katibu mkuu wake wala kumshtaki. Kitu ambacho hukukichanga huna nguvu ya kukidai risiti.

Lakini kufikia wakati huo shirikisho lenyewe lilikuwa limekwisha kufa, na namna lilivyokufa ndiyo sehemu ya hadithi inayonisikitisha zaidi. Mwaka wa 1962 Mboya aliacha ofisi ya wafanyakazi akawa Waziri wa Kazi katika serikali ya mseto. Oktoba mwaka huo alifanikisha mkataba wa mahusiano ya kazi kati ya serikali, waajiri na wafanyakazi, mkataba ambao ulipunguza migomo kwa kuweka utaratibu wa kusuluhisha migogoro. Ilikuwa kazi ya busara. Lakini aliyekuwa akidai sasa ndiye aliyedaiwa, na wengi wa waliokuwa wakimfuata hawakujua tena wamfuate katika upande gani wa meza.

Nyufa za zamani ziliendelea kupanuka. Kundi jingine la viongozi, akiwamo Dennis Akumu, liliunda shirikisho pinzani lililokaribiana na siasa za Odinga. Mwaka wa 1965 wafuasi wa pande hizo mbili walipambana Mombasa na watu wakauawa. Serikali ilipata sababu iliyokuwa ikiitafuta. Mashirikisho yote mawili yalifutwa, na badala yake likaundwa shirika moja, COTU. Katika baraza la mawaziri lililokuwa likitawala siku hizo alikuwamo Mboya mwenyewe, wakati huo akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi.

Utaratibu mpya ulikuwa na mambo mawili ambayo kila mwanafunzi wa historia ya wafanyakazi yampasa kuyajua. La kwanza, wanachama wa baraza la uongozi walipiga kura, lakini walipeleka majina matatu kwa Rais, naye Rais ndiye aliyemteua katibu mkuu miongoni mwao. La pili, ada ilikatwa moja kwa moja na mwajiri kutoka kwenye mshahara, na sehemu yake kupelekwa COTU. Aliyekuwa akizunguka langoni siku ya malipo hakuhitajika tena. Hilo lilionekana kuwa nafuu kubwa, na kwa upande mmoja lilikuwa nafuu. Lakini mzunguko ule wa langoni ulikuwa ndio wakati ambapo mwanachama alimtazama kiongozi wake machoni na kumuuliza shilingi ya mwezi uliopita ilifanya nini. Fedha sasa zilikuja bila kuombwa, na kiongozi aliyepata fedha bila kuomba hakuona sababu ya kueleza.

Ndipo tunapoona kwamba fedha za ng'ambo na fedha za kukatwa na mwajiri zilifanana katika jambo moja: zote mbili zilimruka mwanachama. Hapo kwanza kiongozi aliwajibika kwa mfadhili. Hapo pili aliwajibika kwa Rais na mwajiri. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na chama kilichozoea kulishwa na wengine kilipobadilishiwa mlishaji hakikuwa na meno ya kukataa. Laiti wafanyakazi wangekuwa wamezoea kwa miaka 12 kuzihesabu senti zao, mwaka wa 1965 wangeuliza maswali kabla ya kukubali majina matatu.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969 Mboya alitoka katika duka la dawa katika barabara iliyoitwa Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue, akapigwa risasi. Alikuwa na umri wa miaka 38. Nahashon Isaac Njenga Njoroge alipatikana na hatia ya mauaji hayo akanyongwa mwaka huo huo, na hadi leo Wakenya wengi hawaamini kwamba alijituma mwenyewe. Mboya alizikwa Rusinga, katika kisiwa cha baba zake. Mwaka wa 2011 sanamu yake ilisimamishwa katika barabara ile ile alikouawa, na kila siku maelfu ya wafanyakazi hupita chini yake wakielekea kwenye vituo vya matatu.

Namjibuje, basi, mwanafunzi wangu? Ningemwambia kwamba Mboya hakuwa mwizi wa kawaida, na anayemwita hivyo ana wajibu wa kuleta ushahidi. Alikuwa kiongozi hodari kuliko wengi waliomtangulia na waliomfuata. Alikikuta chama kikiwa magofu, akakifanya nguvu ambayo serikali ya kikoloni iliiogopa. Bila msaada wa ng'ambo huenda asingeweza, na mimi siwezi kumlaumu mtu aliyekuwa akizama kwa kuushika mkono ulionyoshwa. Kosa lake ni kwamba alipofika ufuoni hakuuachilia. Miaka ilipita, wafanyakazi waliongezeka, mishahara ikapanda kidogo, na bado makao makuu yalikuwa yakitazama bahari badala ya kutazama matawi. Uhodari wake wenyewe ulilificha tatizo. Kiongozi anayeshinda migomo haulizwi maswali ya vitabu.

Ningemwambia pia kwamba neno kibaraka, alilotupiwa Mboya na ambalo watu wa Mboya nao waliwatupia wengine, lilifanya kazi ile ile niliyoiona katika mkutano wa tawi letu. Lilimwondolea kila mmoja wajibu wa kufungua kitabu. Swali la hesabu likageuzwa kuwa swali la uaminifu, na swali la uaminifu halina risiti.

Walimu wenzangu wana chama tangu mwaka wa 1957, mwaka ule ule ambao Mboya aliingia bungeni, na sisi wa vyuo vikuu tunavyo vyetu. Katiba ya 2010 imetupa haki ya kujiunga navyo na kushiriki katika shughuli zake. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka wa 2007 inavitaka vyama kuweka hesabu, kuzikaguliwa, na kumruhusu mwanachama kuzitazama. Haki hiyo haihitaji kuandamana. Inahitaji mtu mmoja asimame mkutanoni aulize, na wenzake wasimzomee.

Lugha yetu imeyatatua mambo haya kitambo. Anayeshika fedha za chama tunamwita mweka hazina, wala hatumwiti mwenye hazina. Na neno katibu tumelipata kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni mwandishi. Kazi ya katibu ni kuandika, na kilichoandikwa chaweza kusomwa na yeyote aliyekwenda shule. Sisi tunaosoma na kufundisha wengine kusoma hatuna udhuru. Yule mwenzetu mpole hakurudi tena katika mikutano ya tawi. Nikimwona barabarani humsalimu, naye huniitikia kwa heshima, lakini sijapata kumwomba radhi kwa makofi yale. Mkutano mwingine utakapoitishwa, nitasimama mimi niulize hesabu.